Maji Aliyoyanywa Mama Mkwe

Sisi watu wa Moroni hatuna mto. Mvua ikinyesha, mlima unaimeza, na tunachokunywa ni kile kilichotoka paani kikaingia kwenye tangi la saruji uani. Nimekua nikiamini jambo moja: maji yakichafuka, yaache yatulie siku mbili, ukiona chini, kunywa. Nilijiona mjuzi wa maji.

Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, nilikwenda kumwona mama mkwe, wiki mbili tu. Kwetu mume ndiye huhamia nyumbani kwa mke, kwa hiyo mke kulala kwa mama mkwe lilikuwa jambo la kuchekesha, na majirani walinitania tangu siku ya kwanza. Kisha kisiwa chao kikatangaza kujitenga na chetu. Meli zikakoma, mume wangu akiwa Moroni. Utani nao ukaisha. Nikawa "yule Mngazidja", mtu wa kisiwa cha Moroni, na nikipita watu wananyamaza.

Ndipo ikanyesha siku tatu mfululizo. Mto ukashuka na udongo mwekundu wa mashamba ya juu, matawi ya mikarafuu, mbuzi aliyevimba na taka zote za kingoni. Mabomba yalitoa tope, halafu yakakauka. Mafuta ya taa hayakuwapo, na kuni zilikuwa zimelowa chepechepe.

"Mwanangu, usichote mtoni," mama mkwe aliniambia. "Tunachimba shimo mchangani, kando ya mto, maji yanajichuja yenyewe. Nitakuonyesha."

Nikaitikia, "Ewa, mama." Moyoni nilicheka. Shimo la nini, na ndoo zipo?

Alipokwenda msibani nilijaza ndoo mbili mtoni. Siku ya pili udongo wote ulikuwa umetuama na maji ya juu yanang'aa. Niliyahamishia mtungini polepole, nikajisifu. Sikuyaonja, maana nilikuwa nimefunga kulipa siku zangu za Ramadhani.

Alasiri wakaja majirani watatu, wanawake, kumwona mama mkwe. Nikawapelekea maji. Wa kwanza akaisogeza glasi kando. Wa pili hakuficha, akamwita mama mkwe kwa heshima: "Bweni, utusamehe, cha mkono huo hatunywi. Nani ajuaye wa Moroni wametumwa nini?"

 Mama mkwe akaitazama glasi, akanitazama mimi.

"Umeyatoa wapi, mwanangu?"

Mbele ya macho yale sita, ningesemaje? "Shimoni, mama."

Akanywa glasi yote. Akaichukua na ya pili, akaimaliza. "Huyu ni mwanangu," akawaambia. Nilitaka kulia kwa furaha, Mungu anisamehe.

Jioni nami nilifuturu kwa maji yaleyale. Niliharisha siku mbili, nikapona. Yeye hakuwa na umri wa kupona. Tulimpeleka hospitali ya Hombo amebebwa kitini, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa wamenikaribisha mimi.

Siku ya tatu alinishika kidole. "Wakiuliza, waambie nilikunywa mwenyewe mtoni, nikitoka msibani."

"Mama, nilikudanganya."

"Maji ya shimoni yana ladha ya mchanga," akasema. "Nilijua tangu glasi ya kwanza."

Alizikwa siku ya pili yake. Wale wanawake watatu walinikumbatia mmoja mmoja, wakaniita mwanetu, wakasema mto umemuua. Nikaitikia, ndiyo, mto.