Dakika Nne za Muziki

Kazi ya kuhamisha kaseti kwenda kwenye kompyuta nimeifanya hapa Chuno, Mtwara, tangu nistaafu, na taratibu zake nazijua vizuri. Kwanza unaikagua kaseti yenyewe. Unasafisha deki, ile mashine ya kuichezea, kwa spiriti, hasa kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe. Kisha unarekodi upande mzima kwa ubora wa juu kabisa, bila kusimamisha, hata kama unasikia kelele tupu. Faili hilo kubwa huligusi tena. Vipande unakata kwenye nakala yake. Nayaeleza haya mapema ili nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Mama aliyeniletea kaseti ile ni mkulima wa korosho anayeishi Likombe, umri wake kama wa binti yangu mkubwa. Wazazi wake walikuwa Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Wakati wa vita baba yake alivuka naye akiwa mtoto, mama yake akabaki kule na mdogo wake wa kike, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Miaka mingi baadaye mama yake huyo aliyebaki alituma kaseti, kama watu walivyokuwa wakituma barua: redio ya kurekodia inapita mkono kwa mkono, kila mmoja anasalimia, anataja wagonjwa na waliokufa, anaaga.

"Fundi, mitambo yote hii?" alisema akiangalia meza yangu. "Unataka kumpasua mama yangu?"

"Nampima mapigo tu," nikamjibu, tukacheka.

Kisha akaacha kucheka. "Sikiliza. Baba alikuwa akizima redio mama akishaaga. Hakuweza kuendelea. Ila shangazi yangu, kabla hajafa, aliniambia mbele huko mama anaongea tena. Anataja kijiji alikoolewa mdogo wangu. Jina lenyewe shangazi alishalisahau. Sasa ng'ambo kumeharibika, watu wametawanyika, mama hayupo. Nimebaki na mdogo wangu, kama naye yupo. Usiache hata punje."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, faili kubwa la upande mzima huwa naliweka. Wateja wote husema hivyo.

Kesho yake asubuhi niliicheza. Betri za redio yao zilikuwa zinakwisha siku ile waliporekodi, na betri zikichoka namna hiyo, sauti hutoka nyembamba na ya haraka ukija kuisikiliza. Kila aliyeongea alisikika mdogo kuliko aliyemtangulia. Wazee wakawa vijana, vijana wakawa watoto, na mama yake alipofika kuaga alikuwa na sauti ya mtoto wa miaka sita anayekimbia. Nilizima feni nimsikie vizuri, na joto la Mtwara mnalijua.

Halafu ukaingia muziki wa dansi. Hilo nalo nimelizoea: watu walirekodi juu ya kaseti za zamani, barua ikiisha muziki wa chini unajitokeza. Nikavua vifaa vya masikioni, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, upande ulikuwa umeisha. Kwenye kioo cha kompyuta, baada ya muziki, kulikuwa na mstari karibu ulionyooka, na vijivimbe vidogo vidogo. Nikavichukulia ni uchafu wa kanda. Nikakata pale muziki unapoanza, nikagawa salamu vipande tisa, na kwa kuwa diski ilikuwa inajaa, nikahifadhi kazi juu ya lile faili kubwa. Sikutengeneza nakala. Mkono ulikwenda wenyewe.

Mwenye kaseti alipokuja, alisikiliza kipande cha tisa hapo hapo mezani.

"Na baada ya hapa?"

"Muziki wa zamani, mama. Wamerekodi juu yake."

"Uliusikiliza wote?"

Ningeweza kusema hapana. "Wote," nikasema.

Alivuta kiti akakaa. "Basi niwekee na mimi niusikie."

Faili halikuwepo tena. Kwa aibu nikaichukua kaseti nikaitumbukiza kwenye deki, bila kuikagua, bila kusafisha chochote, wakati asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimecheza kaseti ya mtu mwingine iliyoota ukungu. Muziki ulipiga kama dakika nne. Tuliungoja uishe. Ulikatika ghafla, ukasikika mlio wa kitufe, na mama yake, kwa sauti ile ile ya kitoto, akanong'ona kwa Kimakonde, karibu sana na redio:

"Mwanangu, wenzangu wametoka nje. Sikutaka wasikie. Mdogo wako yupo..."

Sauti ikaanza kuvutika, ikawa nzito, ikawa ya mwanamume, ikawa mkoromo. Nilipofungua deki, utepe ulikuwa umejizungusha kwenye kile kigurudumu, umekunjamana na kukatika.

Hakupiga kelele. "Endelea," alisema.

"Imeliwa, mama."

"Si uliniambia unaweka faili kubwa?"

"Nililiharibu. Na muziki sikuusikiliza. Nilikudanganya."

"Kwa hiyo mama yangu alikuwa humu anaongea," alisema polepole, "na wewe ukaenda kunywa chai."

Siku tatu nilikaa na wembe na gundi nikiunga vipande vya utepe. Nilipata maneno yale yale tuliyoyasikia. Baada ya "yupo" kuna mkwaruzo tu. Nikampelekea Likombe. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha kiti.

"Nitavuka mto pale Kilambo," alisema. "Nitauliza kijiji kwa kijiji."

"Mama, kule si salama sasa hivi. Ngoja kwanza."

"Ningekuwa na jina la kijiji ningempata mtu wa kumtuma, nikakaa hapa nikangoja simu. Jina sina, fundi. Nina uso huu tu. Labda yuko atakayeufananisha na wa mdogo wangu."

Aliondoka Jumamosi iliyofuata. Leo ni wiki ya tatu, hajarudi wala kupiga simu. Jana mume wake alifika dukani kwangu, akakaa bila kuvua kofia, akaniuliza kama mkewe aliniambia angeanzia kijiji gani, maana ndugu zake wako tayari kumfuata ila hawajui waelekee wapi.

Nikamwambia hakunitajia.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja," nikasema. Ndipo nikamweleza kwa nini, tangu mwanzo, na sikuacha kitu.