Nywila Niliyomsingizia Mama Komba

Tangu Jumatatu nikikatiza mtaa wa Msamala nainamisha uso, na ninastahili.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ghala moja la mahindi hapa Songea. Tulileta seva mpya, nikafungua upya akaunti za wafanyakazi wote kwenye kanzidata. Asubuhi yake Mama Komba, karani wa mizani, akanipigia simu: programu inamkatalia, na wakulima wamejaa mlangoni na magunia yao.

Niliingia bila hata shikamoo, na mama yule ni rika la mama yangu mzazi. "Unakosea kuandika nywila," nikamfokea. "Andika tena!" Akaandika, ikakataa. "Si uvae miwani basi!" Wakulima wakacheka, nami kichwa kikazidi kuvimba.

"Haya, jaribu na ya kwako, baba," akasema taratibu, akanipisha kiti.

Nikakaa kwa mbwembwe, nikaandika yangu. Ikakataa. Nikarudia, ikakataa tena. Hapo ndipo nikakumbuka: programu ile ya mizani ni kuukuu, inaelewa nywila zilizohifadhiwa kwa mtindo wa zamani tu, na mimi akaunti zote nilizifungua kwa mtindo mpya. Hata angeandika mpaka jioni, mama wa watu asingeingia.

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikainuka kitini, nikamgeukia.

"Mama..."

"Marahaba, mwanangu," akanijibu, mbele ya wote.