Cherehani ya Mama na Transista ya Kanisa

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na mimi ni mtu wa hasira. Nayasema haya mapema, kwa sababu bila hayo mawili cherehani yetu ingekwenda Kapolowe na isingerudi.

Miaka ile Likasi, mji wetu wa shaba, ilikuwa imekauka kazi na pesa. Karakana ya simu nilikofanya kazi ilifungwa bila hata kutuaga, nikarudi nyumbani na kipimo changu cha umeme na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji. Cherehani ya mama ndiyo iliyotulisha. Kisha mama akaugua, na alipoinuka kitandani mguu wake wa kulia haukumsikia tena. Cherehani yenyewe ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu miwili. Kwa mguu mmoja alishona pindo, akapumzika, akashona nusu ya pindo jingine, akalia.

Mjomba, kaka yake mkubwa, alikuja na dawa yake: mfanyabiashara wa Kapolowe angefika Jumamosi kuichukua cherehani na kutuachia magunia ya mahindi. Nikamuuliza mahindi yakiisha tutakula nini.

"Weye mutoto mwanamuke, unajibu nani vile?"

Hapo nikaapa mbele yake kwamba kabla ya Jumamosi mama atashona bila kukanyaga kwa miguu miwili. Hasira ndiyo iliyoapa. Akili ilikuja nyuma yake na kukuta imeshapewa kazi.

Mama akatutazama sote wawili, kisha akamgeukia kaka yake, ambaye humwita yaya. "Bon, sawa. Yaya, kama itashona kola, haitatoka humu. Kama hapana, mutaibeba."

Alijua alichokisema. Kola haina huruma. Kwenye ncha yake sindano lazima isimame pale pale, fundi ageuze kitambaa, kisha ianze tena taratibu, tundu moja baada ya jingine. Ikipita kwa tundu moja tu, shati zima linaonekana limeshonwa na mlevi.

Mota nilikuwa nayo. Jirani alinipa ile iliyokuwa ikizungusha feni ndani ya lori lake bovu, pamoja na betri ambayo tuliichaji kila umeme wa bwawa la Mwadingusha ulipokumbuka mtaa wetu. Niliifunga mota kwenye mguu wa cherehani, nikaiunganisha na gurudumu kwa mkanda, kisha nikaiunga moja kwa moja kwenye betri. Cherehani iliruka, ikameza kitambaa, ikavunja sindano.

"Hii ni mashini ao ni mbuzi?" mama akauliza. "Haraka haraka haina baraka."

Nilihitaji kitu cha kuutuliza umeme, kuutoa kidogo kidogo kama maji ya bomba. Kanisani kwetu kulikuwa na kikuza sauti kilichoungua kwenye mkesha. Mchungaji alinipa akisema Bwana amekitwaa. Lakini kipimo changu kilisema vingine: ndani yake transista kubwa mbili za kudhibiti umeme, zenye gamba la chuma, zilikuwa hai. Nikazing'oa kwa msumari mnene wa shaba nilioupasha moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ili kuyeyusha risasi iliyozishika. Kutoka redio mbovu nikatoa transista ndogo na kile kifungo cha kuongeza na kupunguza sauti. Kifungo kingeiamuru ndogo, ndogo ingeiamuru kubwa, na kubwa ingeilisha mota.

Alhamisi mchana, mjomba akitazama, niliifunga transista kubwa kwa bolti kwenye mguu wa chuma wa cherehani ili joto lake lipate pa kukimbilia. Mota nayo ilikuwa imefungwa kwenye chuma hicho hicho. Nilisahau jambo nililolijua tangu shule ya ufundi: gamba la transista ile lenyewe hupitisha umeme, na gamba la mota pia. Nilipounga betri, chanya na hasi zikakutana kwenye mguu wa cherehani. Waya ukawa mwekundu, plastiki ikatiririka sakafuni, nikaukata kwa koleo huku vidole vikiungua. Mjomba alicheka hadi akakohoa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa aibu, si kwa maumivu.

Ijumaa asubuhi niliifungua pasi ya umeme ya mama iliyokufa zamani. Ndani yake kuna vipande vyembamba vya ulanga, vinavyong'aa, ambavyo hupitisha joto na kuukataa umeme. Nikaweka kipande kimoja chini ya transista. Bolti nikaivisha kipande cha bomba la kalamu ili nayo isipitishe umeme. Chini ya yote nikaweka bamba la shaba la kunyonya joto, kitu ambacho Likasi haikukosa hata ilipokosa mkate. Nikageuza kifungo polepole. Gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka kwa upole hata ningeweza kuhesabu sindano inavyoshuka. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

"Iko muzuri," mama akasema. "Sasa minye nitageuza hiyo kitu na nini? Mikono yote mbili iko ku bilamba."

Nikaitazama mikono yake miwili juu ya kitambaa. Fundi mzima, sikuwa nimeliwaza hilo. Mama akanionyesha mguu wake wa kushoto: "Huyu hakufa." Basi tukatengeneza kanyagio la ubao lenye kamba ya kugeuza kifungo, na raba ya tyubu ya baiskeli ya kukirudisha.

Jumamosi mfanyabiashara alifika na wabebaji wawili. Mama hakumtazama. Alichukua kola nyeupe ya shati la kwaya, akakanyaga kidogo. Sindano ikatembea, ikafika kwenye ncha, ikasimama. Pale pale. Akageuza kitambaa. Tundu moja, la pili, kisha akakanyaga hadi mwisho na cherehani ikaimba upande mzima bila kuvuta pumzi. Nilishika bamba la shaba: lilikuwa vuguvugu tu.

Mjomba aliipapasa ncha ya kola akitafuta kosa, asilipate, akampa mfanyabiashara. Yule naye akaigeuza mara mbili, akauliza kama anaweza kushonewa shati.

Jirani akaja, wabebaji wakachungulia, mjomba akasimama mbele yao wote akieleza namna transista inavyofanya kazi. Mama alikuwa ameshaanza kola ya pili.

"Mutoke ku mulango," akasema bila kuinua kichwa, "munanizibia mwangaza. Minye niko na kazi."