Kiti cha Kushoto

Mji mzima ulimwita Breki, na jina hilo hakupewa kwa uzuri wa sura. Alikuwa mwalimu wa udereva. Gari lake la kazi, dogo, jekundu, lenye kibao cha L mbele na nyuma, lilikuwa na pedali ya breki ya ziada upande wa kushoto, upande wa mwalimu. Mwanafunzi alikaa kulia akipigana na usukani. Breki alikaa kushoto, mikono magotini, mguu ukiinyemelea pedali yake, akisema maneno yaleyale kwa sauti ileile ya kubembeleza: "Taratibu. Usiogope. Mguu wangu uko kwenye breki." Kwa maneno hayo aliwaingiza barabarani wauguzi, waoka mikate na mhubiri mmoja aliyefumba macho kila alipofika kwenye mzunguko. Hata binti yake wa pekee alipitia mikononi mwake.

Mkewe ndiye aliyemshinda. Siku ya somo la kwanza mama huyo alishuka katikati ya soko, akabamiza mlango, akarudi nyumbani kwa miguu. Baadaye alijifunza kwenye shule ya mshindani wa mumewe na akafaulu mara moja. Tangu siku hiyo, akiwa na amani na mumewe humwita baba watoto, ingawa mtoto ni mmoja. Akikasirika humwita Mwalimu.

Basi, binti huyo aliolewa ng'ambo, akapata mimba, na madaktari wakasema mtoto amekaa vibaya, itabidi afanyiwe upasuaji. Mumewe alikuwa kazini mbali na hakupata ruhusa. Binti hakuomba mengi. Alitaka mama yake awepo amshike mkono kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, kwa sababu alikuwa anaogopa, na alilisema hilo waziwazi. Tiketi zilizopatikana zingewafikisha asubuhi ya siku ileile ya upasuaji, uliopangwa mchana, lakini hakukuwa na tatizo: nje ya uwanja wa ndege kulikuwa na basi linalokwenda moja kwa moja hadi mlangoni mwa hospitali, na wangefika mapema kabla ya mchana. "Pandeni basi," aliandika. "Baba, tafadhali, usiendeshe. Huku wanapita upande mwingine."

Tafadhali hiyo ilimchoma Breki kama mwiba. Aliuliza nyumba nzima, yaani mkewe na paka, kama kuna mtu mjini asiyejua nani amewafundisha watu kuendesha. Yeye abebwe kama gunia la viazi? Akatafuta leseni ya kimataifa, akaipata, akaiweka juu ya televisheni kila mgeni aione. Jioni alipanga visahani mezani kuwa magari na bakuli la sukari kuwa mzunguko, akawa anavisukuma kwa kidole upande wa kulia, akinung'unika. Mkewe alikunywa chai bila sukari wiki nzima kwa sababu mzunguko ulikuwa na msongamano. Kila alipogusia basi, Breki alimkata kauli. Mwisho alinyamaza, na Breki, masikini, akadhani amekubali.

Walipotoka nje ya uwanja wa ndege, basi lilikuwa pale pale linanguruma, mlango wazi. Breki hakuligeuzia hata shingo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta ya magari ya kukodi, ambako dada mmoja mwenye miwani alimuuliza kwa upole kama ameshawahi kuendesha katika nchi inayopita kulia. Damu ilimchemka. Alimjibu kwamba yeye ni mwalimu. Mkewe alikuwa amesimama katikati, begi mkononi, jicho moja kwa mumewe na moja kwa basi.

"Mwalimu," alisema, "linaondoka."

"Liache liondoke. Tutalipita njiani."

Likaondoka. Lililofuata lingefika hospitali mchana ukiwa umeshapita. Lakini gari lingewahi, na kwa gari Breki alikuwa na uhakika, tena uhakika wa kukera.

Kwenye maegesho alianza kwa kufungua mlango wa kulia, akakuta mkewe tayari ameshakaa. Akazunguka hadi kushoto, uliko usukani wa huko. Kiti kikamkaa vizuri, na hilo lilimshangaza kidogo, kwa sababu alitegemea ugeni. Kushoto alikuzoea kuliko kitanda chake. Alirekebisha vioo, akafunga mkanda, akamkagua mkewe kama amefunga wake, yote kama anavyodai kwa wanafunzi. Gari lilikuwa la otomatiki, tulivu. Likatoka, likapita safu za magari yaliyoegeshwa, likanyooka. Kifua kikamtanuka. Alitamani yule dada wa miwani awe dirishani.

Mbele kidogo njia ilipinda kushoto kuelekea lango, na kwenye kona ile mfanyakazi mmoja alikuwa anasukuma mlolongo wa toroli za mizigo. Breki alimwona mapema, kama mwalimu yeyote mzuri. Akashusha pumzi. Akaweka mikono magotini.

"Sasa," alisema kwa sauti ya kubembeleza, "kata kushoto. Taratibu. Usiogope."

Hakuna aliyekata. Gari lilikwenda mbele na uhuru wake. Mkewe alimtazama akisubiri kicheko, maana alidhani ni mzaha wa kijinga, kisha akaona mikono ile magotini na akili zikamruka. Akaurukia usukani kwa mikono miwili na kuuvuta. Mfanyakazi aliziacha toroli zake akatimua mbio. Hapo ndipo mguu wa Breki ulipokanyaga breki, kwa ufundi mkubwa, na gari likasimama juu ya bustani ya maua, pua yake imekwaruza nguzo ya taa.

Kisha mkewe akauliza, bila kupaza sauti, "Ulikuwa unamwambia nani?"

Breki alifoka. Alilaumu gari, akalaumu kona, akalaumu nchi nzima ambayo ingepita upande unaoeleweka kama ingekuwa na adabu. Maneno yalipomwishia alibaki anaitazama mikono yake. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoendesha mwenyewe kutoka mahali hadi mahali. Gari jekundu lilikuwa mali ya shule, na jioni lililala shuleni. Kujaza mafuta alikwenda na mwanafunzi, gereji alikwenda na mwanafunzi, hata msibani kwa shemeji alipelekwa na mwanafunzi. Nyumbani alirudi kwa miguu. Maisha yake yote alikuwa amekaa kushoto akiwaambia watu wengine wageuze.

"Naweza kuendelea," alisema. "Hapa ni karibu na lango tu. Nikishaingia barabara kubwa..."

Mikono ya mkewe, ileile iliyoletwa kutoka mbali ili imshike binti yao, ilikuwa bado imeung'ang'ania usukani. Breki aliiona, na hasira ikamgeukia mwenyewe. Alizima gari. Akatembea hadi kwenye kaunta, akaurudisha ufunguo, akaeleza habari ya nguzo na maua. Yule dada aliandika yote kwenye fomu bila kumlaumu, na Breki angeona heri asemwe. Teksi za pale zilikuwa haziendi nje ya mji. Wakakaa kwenye benchi la kituo kama watoto waliofukuzwa darasani, hadi basi la pili lilipokuja.

Simu ililia wakiwa njiani, mashamba yakipita dirishani na hospitali bado mbali. Mama alipokea, akasikiliza, akasema tunakuja, mwanangu, tuko njiani, tuko kwenye basi. Hakumtaja mtu. Kisha uso ukamshuka, akamsogezea mumewe simu.

"Wanamwingiza sasa hivi. Anakutaka wewe."

Breki aliishika kwa mikono miwili. Sauti ya binti yake ilikuwa nyembamba, na nyuma yake magurudumu ya kitanda yalisikika.

"Baba, niambie kama ulivyokuwa unaniambia. Mguu wako uko kwenye breki?"

Breki alitazama chini. Palikuwa na sakafu ya basi, mpira mweusi uliochakaa, na begi la mkewe.

"Uko, mwanangu," alisema. "Taratibu. Usiogope. Mguu wangu uko kwenye breki."

Simu ikakatika. Mkewe aliichukua, akaifuta kwa kanga yake ingawa haikuwa na uchafu, akaitia kwenye mkoba.

"Saa hizi ningekuwa nimemshika mkono," alisema.

"Najua," alisema Breki. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado umekandamiza sakafu, na hakuutoa hadi walipofika.