Royce Tidmore na Kirusha Guruneti cha Verlin

Royce Tidmore aliendesha lori la gesi kwa miaka thelathini na moja, akijaza matangi ya mashamba yote ya kaunti yetu hapa Texas, na katika miaka hiyo hakuna aliyemsikiliza. Alipostaafu alikodi meza kwenye maonyesho ya silaha, katika ukumbi wa mnada wa ng'ombe, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na watu wakaanza kupanga foleni kumsikiliza. Mezani alitandaza visu vya kukunja, mikanda ya ngozi, na kitabu kinene cha sheria alichokifunga kwa mpira ili kurasa zisitoke. Visu alivyouza havikuwa vingi. Watu walikuja kwa ajili ya sheria.

Nilikaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka tisa. Mume wangu Verlin alifua visu, mimi nikavitia mipini ya pembe na ya mbao. Kwa hiyo nilimsikia Royce kila mwezi, na sitasema kwamba hakujua alichokuwa akisema. Alijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku moja alimjia jamaa mmoja mwenye masharubu. Binti yake alikuwa anaolewa, naye alitaka kuvaa kiunoni kisu cha marehemu baba yake, makali inchi tisa. Aliogopa kukamatwa mbele ya wakwe. Royce akamwuliza harusi ni wapi. Ukumbi wa jumuiya ya Wacheki, akasema yule, na bia itakuwepo.

"Bia anauza nani?"

"Haiuzwi. Nanunua mimi."

"Basi vaa. Texas hii hata panga unatembea nalo. Ila likizidi inchi tano na nusu usiingie nalo shuleni, wala baa ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe. Na upime makali, mpini hauhesabiwi."

Mzee Hoyt Pruitt, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kununua kitu pale isipokuwa kahawa, akaingilia: "Na bwana harusi akikiona akatoka mbio, hilo ni kosa la kifungu gani?"

"Hilo siyo kosa, mzee. Hiyo ni baraka."

Ndivyo alivyokuwa. Wanaume walicheka, wakamwamini zaidi. Kanisani alikuwa shemasi. Alikuwa na sukari, na alikula maandazi kwa siri nyuma ya pazia la ukumbi, na sisi sote tulijifanya hatumwoni.

Lakini sifa yake kubwa ilitokana na virusha guruneti. Ni bunduki fupi, nene, inavunjika katikati ili itiwe risasi, kama shotgani ya mtutu mmoja, na mdomo wake unakaribia kumeza yai la kuku. Wageni hawaamini kwamba raia anaweza kuwa nayo nyumbani. Anaweza. Anapeleka alama za vidole, picha, na dola mia mbili za stempu ya kodi, kisha anasubiri serikali kuu impe karatasi yenye jina lake na namba ya silaha. Na guruneti lenyewe, likiwa la kulipuka kweli, kila moja linataka stempu yake peke yake. Royce alipolieleza hilo, mzee Hoyt alisema, "Yaani kila mlio na cheti chake cha kuzaliwa." Kwa sababu hiyo watu wetu hupiga risasi za mazoezi tu, zinazopasuka na kutoa unga wa rangi ya machungwa. Huenda kule machimbo ya mawe, wakapiga jokofu bovu, wakashindana nani kalipaka vizuri.

Verlin alikitamani kirusha guruneti tangu ujana. Tulipokinunua, bei yake ilikuwa ya gari la mizigo lililotumika, na niliuza mitamba yangu miwili ili tufikie hapo. Fomu alitujazia Royce. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na miwili, Verlin alinipita kwa mwaka mmoja, na zile fomu zina maandishi madogo kama mbegu za haradali. Tukasubiri miezi kumi na mmoja. Karatasi ilipofika Verlin aliiweka kwenye fremu, na nakala yake akaishona ndani ya mfuko wa silaha.

Alifariki Februari, akiwashushia ng'ombe majani. Moyo ulisimama. Nilimkuta ng'ombe wamemzunguka.

Siku ya tatu baada ya mazishi Royce alikuja na bakuli la tambi na jibini. Alivua kofia, akaomba sala nzuri, kisha akakaa mahali pa Verlin.

"Dada Oleta," alisema, "sikutaka kukuongezea uchungu. Lakini kile kitu kina jina la Verlin, na ndugu yetu hayupo. Kila siku kinapolala humu ndani, wewe ni mhalifu. Ni miaka kumi jela."

Nikamwuliza nifanye nini.

"Nipe mimi nikutunzie. Njia zake nazijua."

Nilimfungulia kabati. Alipokibeba nje nilimshikia mlango wa gari, nikamshukuru. Jumapili zilizofuata nikamshukuru tena mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, na yeye akainamisha kichwa kama mtu asiyependa sifa.

Wosia wa Verlin ulikuwa mfupi. Kila kitu ni changu, na msimamizi wa mirathi ni mimi. Mahakama ilinithibitisha Machi. Royce alijua hilo, maana nilimwambia mwenyewe.

Mwezi wa Mei nilirudi kwenye maonyesho peke yangu. Nilikuwa nimeinama chini ya meza nikitafuta kopo la mafuta, nguo ya meza imenifunika, niliposikia mtu mzima mmoja akimwuliza Royce swali. Baba yake amefariki, ameacha kirusha guruneti. Serikali itakichukua?

"Nani kakutisha hivyo?" Royce akacheka. "Msimamizi wa mirathi anakaa nacho ndani kihalali kabisa mpaka mahakama imalize kazi yake. Kisha mrithi anajaza fomu, na stempu halipi hata senti. Shika jambo moja tu, bwana. Usimpe mtu akutunzie. Hata rafiki. Hata mchungaji. Huyo akikipokea tu, wa kufungwa ni yeye."

Nilikaa kule chini kwa muda. Sakafu ya ukumbi ule inanuka samadi hata ikioshwa. Nilipoinuka Royce aliniona. Akachukua kisu akaanza kukifuta, kisu ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Aliulizwa swali la sheria mbele ya watu, na kujibu vibaya hakuweza. Mimi niliyemwuliza jikoni kwangu, bila mashahidi, alinijibu alivyotaka.

Jumatatu nilikwenda kwake. Alinikaribisha barazani, hakunikaribisha ndani. Nikamwambia nimekuja kuchukua kitu changu.

"Ulinipa kwa mkono wako, dada," alisema. "Kutoa ni kosa sawasawa na kupokea. Ukinipeleka kwa serikali tutapanda gari moja."

Nikamwambia kwamba alinidanganya. Hakukana. Alitazama bustani yake, akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Na utakifanyia nini? Wewe kazi yako mipini. Verlin angependa kikae na watu wanaopiga shabaha."

Niliendesha gari mpaka mji wa kaunti bila kupitia nyumbani. Kuna wakili pale, Bi Escamilla, ofisi yake iko juu ya duka la viatu vya farasi. Nilimweleza yote, hata sehemu niliyomshikia mlango. Alinisomea sheria kwa sauti, pole pole, na alipoona sijaelewa alirudia bila kukunja uso. Royce alikuwa amesema kweli kwa nusu. Kosa langu lipo. Kosa lake ni kubwa zaidi, na lilikuwa likiongezeka kila siku aliyokaa nacho.

Kisha akaniuliza kama nimeshaandika orodha ya mali ya marehemu. Sikuwa nimeandika. Kila msimamizi lazima ailete mahakamani na aape kwamba ni ya kweli, na yangu ilitakiwa Ijumaa ya kwanza baada ya maonyesho ya Juni. Nikikiacha nje ya orodha, nimeapa uongo. Nikisema kiko kwangu, nimeapa uongo. Nikisema kiko kwa Royce, nimesema kweli, na kweli hiyo inaweza kutufunga wote wawili, na serikali ikakichukua kikayeyushwe.

"Au kirudi kabla hujaapa," alisema. "Naweza kumwandikia barua."

"Barua hataifungua. Nitakwenda mwenyewe."

"Mama, usimtishie jela. Kumtishia mtu hivyo nako ni kosa."

"Sitamtishia," nikasema. "Nitamwuliza swali."

Kwa karibu mwezi mzima nilitia mipini. Nilijiuliza kama niko tayari kwenda Ijumaa ile na kusema kweli, hata ikinifunga, na kila nilipojiuliza jibu lilikuwa lilelile. Nilimwomba dada yangu awe radhi kulisha ng'ombe ikibidi. Aliniuliza kwa muda gani. Nikamwambia sijui, labda muda mrefu.

Jumamosi ya maonyesho sikupanga meza. Nilipanga foleni. Mbele yangu walikuwa wanaume watano. Mmoja aliuliza kuhusu kisu cha kufyatuka, mwingine aliuliza kama ile bunduki ya kurushia fataki, inayofanana na kirusha guruneti, inahitaji karatasi. Royce akamwambia haihitaji, mpaka siku utakayoitia kitu cha kumdhuru mtu, hapo umejitengenezea kesi. Aliniona tangu nikiwa wa nne. Majibu yake yakawa marefu, akitumaini nitachoka.

Zamu yangu ikafika. Mzee Hoyt alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kahawa, na nyuma yangu watu walishakuwa kama ishirini.

"Shemasi," nikasema, "nina swali la sheria. Mtu amefariki, ameacha kirusha guruneti. Mtu mwingine, ambaye si msimamizi wala si mrithi, amekaa nacho nyumbani kwake karibu miezi minne sasa. Huyo ni nani mbele ya sheria?"

Royce akafungua mpira wa kile kitabu, akaufunga tena.

"Inategemea," alisema.

Mzee Hoyt akashusha kikombe. "Tangu lini kwako kitu kinategemea?"

Watu wakacheka, halafu wakaacha, maana Royce hakucheka nao. Nilimtazama tu. Niliona jinsi alivyokuwa akitafuta jibu la uongo na jinsi lilivyokuwa likimkataa mdomoni. Kama angejibu vibaya, pale palikuwa na watu wanne au watano waliojifunza sheria hiyo kwake yeye mwenyewe.

"Ni mhalifu," akasema mwishowe. "Miaka kumi."

"Na afanye nini?"

"Akirudishe kwa msimamizi."

"Asante," nikasema. "Mimi Ijumaa saa tatu asubuhi naapa mahakamani kila kitu cha Verlin kiko wapi."

Sikutaja jina. Nikatoka kwenye foleni, na nilipopita karibu na mzee Hoyt alinivulia kofia, jambo ambalo hakuwa amenifanyia hata msibani.

Royce alikuja Jumatano asubuhi. Hakuwa na bakuli. Alisimama chini ya ngazi za baraza langu na mfuko wa silaha mkono mmoja, karatasi mkono mwingine. Karatasi ilisema kwamba kirusha guruneti hakikuwahi kutoka katika nyumba yangu. Alitaka nitie sahihi.

"Ni kwa usalama wetu sote, dada Oleta."

"Jaji akiniuliza kilikuwa wapi mwezi wa Machi, nitamwambia," nikasema. "Asiponiuliza, una bahati. Sahihi hupati."

Aliikunja ile karatasi, ikawa ndogo sana. Nilimwambia aweke mfuko juu ya meza ya barazani na arudi nyuma. Nikaleta fremu ya Verlin kutoka ukutani, nikalinganisha namba, tarakimu moja baada ya nyingine, kidole changu juu ya chuma. Zilikuwa zenyewe. Halafu nikakivunja katikati kama nilivyomwona Verlin akifanya, nikachungulia ndani ya mtutu.

Ulikuwa wa rangi ya machungwa. Unga ulikuwa umeganda mpaka kwenye kingo za mdomo. Alikuwa amekwenda nacho machimboni, na watu wakapiga makofi.

"Umekitumia," nikasema.

"Mara mbili tu."

Nikaingia ndani, nikarudi na mafuta, vitambaa na brashi ndefu ya Verlin. Nikaviweka mezani, nikavuta kiti changu kivulini.

"Kisafishe."

Alitazama barabara, akatazama ile silaha. "Kisheria mimi siruhusiwi..." akaanza.

"Unaruhusiwa kukishika nikiwepo. Bi Escamilla kanisomea. Nami sitoki hapa."

Akavua kofia akaanza. Jua lilikuwa limepanda, na baraza langu upande ule halina kivuli ila pale nilipokaa mimi. Jasho lilimtoka mgongoni. Katikati ya kazi aliomba maji, nikampa, kwa sababu ya ile sukari yake. Akaniuliza kama Jumapili nitamsalimia kanisani. Nikamwambia apitishe brashi tena.

Baada ya muda mrefu alisema kimekwisha. Nikamwambia akielekeze kwenye mwanga nione. Mtutu uling'aa wote, isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa rangi ya machungwa karibu na mdomo.

"Pale," nikasema, na akachukua kitambaa kipya.