Tovuti Chini ya Meza ya Kaka

Kaka yangu alitengeneza miguu ya bandia miaka ishirini na mbili, na mimi nilimshonea mikanda ya kuifungia. Mtaani walimwita Kisigino. Jina alilipenda mwenyewe, basi hata tovuti ya karakana tukaiita hivyo hivyo.

Wazo la tovuti lilitoka hospitalini. Walitaka karakana moja tu ya kuwahudumia wagonjwa wao wote, na kamati ingekagua kazi za kila fundi mtandaoni, Jumapili moja, basi. Sisi wateja walishatukimbia, wanafuata miguu ya dukani. Tukiikosa hospitali, tunafunga. Hilo tulilijua wote wawili.

Fundi kompyuta alishauri vizuri tu: "Mzee, panga nafasi ya tovuti kwenye mashine za kampuni ya mtandao. Zile hazizimwi, usiku na mchana."

Loo! Hilo neno "panga" lilimpandisha Kaka mori. "Nipange? Nimetupiwa vyombo nje mara mbili, watoto wangu wanatazama! Leo tovuti nayo ikawe mpangaji? Itakaa kwangu!"

Nikamwambia, "Kaka, si umsikilize mtaalamu?"

"Wewe shona mikanda," akanijibu, fundi akisikia. "Kompyuta umeijulia wapi?"

Alinivua nguo mbele ya mgeni, jamani. Nikarudi kwenye mikanda yangu, lakini wiki nzima nilikuwa nimefura.

Akanunua kompyuta kuukuu ya kuikalisha tovuti, akaiweka chini ya meza ya plasta na kuibandika karatasi: USIZIME. Fundi alimaliza kuiunganisha Jumamosi mchana, kesho yake kamati inakaa. Sasa, Kaka alikuwa na mazoea yake. Jiko la kulainishia plastiki liliwahi kuunguza nusu ya karakana, na tangu hapo hafungi mlango bila kushusha swichi kuu ya umeme ukutani. Mkono unakwenda wenyewe, kama mtu anayejikuna.

Jumatatu asubuhi, ndiyo kwanza tunafungua mlango, hospitali wakapiga simu. Ukurasa wetu haukufunguka Jumapili nzima, kwa hiyo kamati imechukulia kwamba karakana ilishafungwa.

"Sikuizima!" Kaka akafoka. "Naapa, sijaigusa!"

Na kweli hakuigusa. Kisha akatazama ukutani, akaiona swichi iko chini, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, kichwa mikononi. Nilikwenda mwenyewe kuwabembeleza watu wa hospitali. Wakasema mkataba umeshasainiwa.

Mwezi uliofuata tukafunga. Siku hizi Kaka anapiga msasa viti kwa seremala, na hana maneno na mtu. Ila akiniona huniuliza jambo moja: "Mdogo wangu, hivi hata wewe hukuniona?"

Namjibu sikumwona.

Nilimwona. Jumamosi ile jioni nilikuwa nyuma yake, mkoba begani, mkono wake ukaishusha ile swichi. Neno lilinifika mdomoni kabisa. Nikasema moyoni, si anajua kila kitu? Acha aone. Nilitaka aaibike kidogo tu.