Vitambaa vya Amana

Siku moja naikumbuka kuliko nyingi, mwanangu: siku niliyotaka kuonekana msomi. Nilikuwa na darasa la nne langu, basi, na darasa la nne enzi zile hapa Kivinje lilimpandisha mtu mabega.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu Zuhura. Juzi kaja kuniaga, anakwenda chuo kikuu kusomea mambo ya benki na fedha. Nikamuuliza, "Huko mnafundishwa nini hasa?"

"Kutunza amana za watu, babu."

Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Kazi hiyo niliifanya mimi, nikaiharibu kwa siku moja.

Nilikuwa nauza dukani kwa Mzee Shomari: mafuta ya taa, nazi, sabuni za mche. Watu walimwekea pesa zao, kila mmoja ndani ya kitambaa chake, kakifunga fundo mwenyewe. Mzee hakuandika kitu. Alimjua kila mtu kwa fundo lake. Basi akaenda Kinjumbi kuzika, akaniachia ufunguo wa kasha. Nikajiambia, ujinga gani huu? Mali bila daftari hupotea bila habari! Nikafungua mafundo yote, nikahesabu, nikaandika majina kwa mwandiko mzuri, pesa zote nikazimwaga kwenye kopo moja la samli. Vitambaa nikafutia chemni za taa.

Kesho yake akaja Bi Mwanahawa, msuka mikeka, kuongeza kidogo kwenye pesa yake ya sanda.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Bibi, sasa tuna daftari. Pesa yako imo humu, haijapungua hata senti."

Akachungulia kopo. "Humu imo na ya mgema tembo?"

"Imo. Pesa ni pesa, bibi."

"Mjukuu wangu, pesa hii nimeisuka ukindu kwa ukindu nizikwe kwa halali yangu. Leo unataka kunivika tembo, nifike kwa Mola napepesuka?"

Watu barazani wakacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Akaenda zake mikono mitupu.

Kufika alasiri mlango umejaa, kila mtu anataka chake. Mgema mwenyewe alikuwa wa kwanza: "Na yangu msiichanganye na ya wavivu!" Nikawalipa wote waliokuja, ikabaki ya Bi Mwanahawa tu. Mzee Shomari aliporudi alikuta kasha halina fundo hata moja, na jina lake la miaka mingi liko vinywani mwa watu.

Hakunifokea. Mwanangu, heri angenifokea. Alilisoma daftari taratibu, akasema, "Umeandika vizuri. Wenyewe uliwauliza?"

Fungu la Bi Mwanahawa lililobaki kwenye kopo akalitoa sadaka, maana mwenyewe alishalikataa, kisha akanipeleka kwenye mashamba ya chumvi nimlipe kwa jasho langu. Wiki tatu nilikwangua chumvi, nyayo zikapasuka kama udongo wa kiangazi. Kila ujira nilioupata nilimpelekea yule bibi mkononi. Yeye huangalia nyayo zangu kwanza, ndipo apokee. Ilipotimia yote, alichana pindo la kanga yake, akaifunga pesa fundo, akanirudishia.

"Kamwekee Mzee Shomari. Pita nalo njia ya sokoni, watu wakuone."

Nikapita nalo nimelinyanyua juu kama posa. Haikuisha wiki, mafundo yakaanza kurudi kashani, la mgema likiwa la mwisho, maana yule naye alikuwa na kiburi chake.

Basi soma, mwanangu, nawe umfuate Zuhura huko kwenye benki. Soma mpaka hesabu zikuogope. Daftari silitukani, lingekuwepo pamoja na vitambaa tusingeaibika. Ila usiguse fundo la mtu kabla hujamuuliza kalifunga kwa ajili ya nini. Na ukikosea, usijifiche nyuma ya mwandiko mzuri. Nenda kalipe kwa nyayo zako, imani itarudi. Mimi niliiona ikirudi.

Mola akupe elimu yenye haya. Na siku utakapokaa nyuma ya kioo cha benki, aje msuka mikeka akukabidhi sanda yake, aende zake nyumbani akalale usingizi. Amin.